Simu ya Upepo na Mbio za Nzige



Kundi la nzige la kilometa moja ya mraba laweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Upepo ukilisaidia, huruka hata kilometa 150 kwa siku. Toka Lodwar hadi Kitale, kwa mstari ulionyoka, ni kilometa kama 240. Basi katika siku mbili laweza kuwa ndani ya mahindi yako. Habari yake haina budi kulitangulia. Je, itapita njia gani?

Simu ya waya hufuata nguzo, na zamani nguzo nyingi ziliandamana na reli. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, wala haikuendelea kaskazini. Nzige hawangoji reli.

Simu ya upepo haitaki nguzo. Mtambo hutoa mawimbi ya redio, na fundi huyakatakata yawe milio mifupi na mirefu. Kila herufi ina milio yake. Tarehe 12 Desemba 1901, huko Newfoundland, Marconi alisema amesikia milio mitatu mifupi, yaani herufi S, iliyotoka Uingereza ng'ambo ya bahari.

Milio hiyo sasa haitumiki sana, lakini mawimbi ni yale yale. Nzige walipoingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, kisha wakasumbua Turkana mwaka 2020, wapelelezi walitumia chombo kiitwacho eLocust3. Hicho hupeleka habari kwa setilaiti, pamoja na mahali penyewe, hata pasipo na waya wala mnara wa simu.

Lakini chombo hakioni nzige. Aonaye ni wewe. Kusema "nzige wengi wamepita" hakusaidii mtu. Fanya kama watu wa zamani waliolipia simu kwa kila neno: "Nzige. Ndalu, karibu na shule. Saa kumi na mbili jioni. Wametua. Manjano." Rangi ina maana: wa waridi ni wachanga, wa manjano wako karibu kutaga. Ukiona tunutu wasioruka, sema hivyo.

Nzige hulala usiku, na dawa hufaa kupigwa asubuhi kabla hawajaruka. Kwa hiyo mpashe habari Bwana Shamba au chifu jioni hiyo hiyo. Ukingoja kesho, utaonyesha mabua matupu.