Binti Anayetekwa, na Sauti Yake

Mnamo 1498 hivi, katika mji wa Nürnberg, Ujerumani, Albrecht Dürer alichonga kwenye bamba la shaba picha ya zimwi la majini likimtorosha mwanamke. Aliyelelewa kwa hadithi za amanani, yaani mazimwi, huku Kakamega ataitambua habari hiyo mara moja: wanawake wanaoga, kiumbe nusu mtu nusu samaki anazuka, mmoja wao anachukuliwa. Lakini akifika kwenye uso wa mwanamke huyo atashangaa.

Hapigani. Amejinyoosha uchi juu ya mgongo wa zimwi lenye ndevu, pembe na magamba, amevaa pambo la thamani kichwani, kinywa kimefunguka kidogo tu. Msiba wenyewe umesukumwa nyuma kabisa na kufanywa mdogo: wenzake wanakimbilia nchi kavu, mmoja ameanguka ukingoni, na mwanamume mwenye kilemba anakuja mbio, mikono juu. Ukiitazama picha haraka, huwaoni.

Kwa nini? Naona jibu kubwa liko katika biashara ya chapa. Mchongaji hukata mistari kwa ncha kali ya chuma, hupaka wino, hufuta uso wa bamba ili wino ubaki ndani ya mistari tu, kisha hukandamiza juu yake karatasi yenye unyevu. Bamba moja hutoa mamia ya nakala, na nakala husafiri. Dürer mwenyewe alijifunza kwa njia hiyo: mwaka 1494 alinakili kwa kalamu vita vya miungu wa bahari, chapa ya Mwitalia Andrea Mantegna. Baadaye mkewe, Agnes, alikuwa akiziuza chapa zake kwenye masoko makubwa kama la Frankfurt. Mnunuzi msomi alitaka mwili wa uchi uliochorwa kwa ustadi wa Kiitalia, na visa vya miungu vilimpa ruhusa ya kuutazama. Hata jina la kisa halikuwa lazima. Dürer aliiita picha hii ajabu la bahari, basi, na wataalamu hadi leo hawajakubaliana mwanamke huyo ni nani.

Linganisha na hadithi ya pwani ya binti aliyerudi peke yake ufukweni kuchukua kombe alilolisahau. Zimwi linamnasa, linamfungia ndani ya ngoma, linazunguka naye vijijini likimlazimisha aimbe ili lilishwe. Hapo mtekwa haonekani kabisa, anasikika. Kwa wimbo huo wazazi wake wanamtambua na kumwokoa. Msimulizi anayeketi na watoto hana mwili wa kuonyesha, ana sauti yake tu, naye humwazima binti sauti hiyo.

Dürer alilirudia jambo hili mwaka 1516, safari hii kwenye bamba la chuma lililoliwa na tindikali, njia inayotoa mistari mizito na yenye fujo. Mwanamume aliye juu ya mnyama mwenye pembe moja amemkaba mwanamke, ambaye sasa anajipinda, kinywa wazi, anapiga kelele. Uchungu wake umekuja mbele hatimaye. Ila ufuo wa 1498 pamoja na watu wake umeondolewa, na katika picha nzima hakuna mtu mwingine wa kumsikia.