Kabrasha lako linakaa diski gani? Jua kabla fundi hajauliza

MWAKA 2019 kipakatalishi changu kilikataa kuwaka. Nilikipeleka kwa fundi mmoja katikati ya jiji la Nairobi, kijana mpole mwenye subira, na jioni akanipigia simu. “Prof, kuna kitu ya maana kwa C? Nataka kuisafisha niweke Windows upya.” Nikamjibu bila kusita: “La, kazi zangu zote ziko kwenye Documents.” “Sawa, Prof,” akasema. Kesho yake nilikabidhiwa tarakilishi yenye kasi ya ajabu na kabrasha tupu.

Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Mimi niliamini kuwa Documents ni mahali na C ni mahali pengine. Kumbe Documents ilikuwa ndani ya C! Naye fundi aliamini kuwa mtu aliyesoma hadi shahada ya uzamifu anajua anachosema. Nimefundisha semantiki kwa miaka mingi, nikiwaeleza wanafunzi tofauti kati ya neno na kirejelewa chake, kisha nikaangushwa na jina la kabrasha.

Kilichofutwa ni mahojiano niliyofanya na wazee wa Siyu na Pate katika miaka ya tisini. Nilikuwa nimeyatoa kwenye kanda, nikayaingiza kwenye tarakilishi, nikayanukuu neno kwa neno. Baadhi ya wazee hao wameshatangulia mbele ya haki.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi jana mwanafunzi wangu wa uzamifu alibisha mlangoni akilalamika kwamba C imejaa pomoni, alama nyekundu, ilhali D imekaa bure. Sura nne za tasnifu yake zilikuwa C. Nilimketisha.

Kwanza, kwa nini C? Herufi A na B zilitengewa visahani vile vyembamba ambavyo wasomaji wa rika langu walivibeba mfukoni. Diski ya ndani ilipokuja ikapewa herufi iliyofuata. Tarakilishi ya IBM PC XT ya mwaka 1983 ilikuwa na diski ya megabaiti 10, na hiyo ikaitwa C. Visahani vimetoweka, herufi imebaki. (Wengine husema “kiendeshi” badala ya diski. Mimi sikipendi, maana sijaona kinachoendesha.)

Pili, Windows inapowekwa huunda ndani ya C kabrasha liitwalo Users, na ndani yake kabrasha lenye jina lako. Humo ndimo zinamokaa Documents, Pictures, Music, Videos, Desktop na Downloads. Wanaistilahi huita mpangilio huu “chaguo-msingi”. Ni neno zuri lakini lina hila, kwani aliyechagua si wewe. Hata hivyo, unaweza kuchagua upya, na si lazima uwe fundi.

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe ni la kiisimu. Wanasikia “hamisha kabrasha”, wanalikata kutoka C na kulibandika D, wakadhani wamemaliza. Mtu anayegura nyumba hubeba vyombo, lakini pia huwaarifu watu anakohamia. Ukibeba vyombo peke yake, barua zitaendelea kupelekwa nyumba ya zamani. Documents ni kabrasha, naam, lakini pia ni anwani ambayo programu zako huiuliza Windows kila zinapotaka kuhifadhi kitu. Unachotaka kubadilisha ni anwani hiyo.

Mwanafunzi wangu alifanya hivi. Aliingia D akaunda kabrasha jipya, akaliita Nyaraka. Kisha akafungua File Explorer, akaingia C, halafu Users, halafu kabrasha lenye jina lake. Akabofya Documents kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Properties. Juu ya kidirisha kilichotokea kuna sehemu iitwayo Location. Akaifungua, akabofya Move, akachagua lile kabrasha la Nyaraka, kisha OK. Windows ikamuuliza iwapo faili zote zilizoko mahali pa zamani zihamishwe hadi mahali papya. “Nibonyeze ipi, Prof?” Yes, mwanangu. Ukibonyeza No, anwani itabadilika lakini faili zitabaki C. Utafungua Documents uikute tupu na moyo ukupasuke bure, kumbe hakuna kilichopotea.

Vivyo hivyo ukafanyia Pictures, Videos na hasa Downloads, ambayo ndiyo mlafi mkuu. Kupakua kwetu ni kutoa chakula chunguni, na tunapakua kila siku bila kuosha vyombo.

Usielekeze anwani kwenye D yenyewe, yaani bila kabrasha ndani yake, wala usielekeze makabrasha mawili mahali pamoja. Yatachanganyika, na kuyatenganisha baadaye ni kazi ya kuchambua mchele uliomwagika mchangani. Kabrasha liitwalo AppData, ambalo kwa kawaida limefichwa, liache lilivyo, kwa kuwa programu zenyewe ndizo zinazolitumia. Na iwapo OneDrive imewashwa ikawa inahifadhi nakala za makabrasha yako, huenda Documents yako imekwisha kuhamia ndani ya kabrasha la OneDrive bila wewe kujua. Zima kwanza uhifadhi huo ndipo uhamishe.

Kuna pia mpangilio wa Windows unaokuruhusu kuteua diski ambamo vitu vipya vitahifadhiwa. Soma neno “vipya” mara mbili. Vya zamani havisogei.

Tulipomaliza, msichana wa watu akashusha pumzi. “Sasa hata C ikifutwa niko sawa?” Nilitamani kusema ndiyo. Nikamwambia abofye kitufe cha Start kwa kitufe cha kulia cha kipanya, afungue Disk Management. Pale tukaona C na D zimepangwa kwenye mstari mmoja, zote chini ya Disk 0. Maana yake ni kwamba hazikuwa diski mbili. Ni nyumba moja iliyogawanywa kwa ukuta. Fundi akisafisha chumba cha C pekee, chumba cha D kitasalimika, na hilo tu lingeniokoa mimi mwaka ule. Nyumba ikiungua je? Diski ikifa, au mwizi akaondoka na kipakatalishi kwenye matatu, C na D huenda pamoja.

Kwa hiyo hakuondoka ofisini mwangu kabla ya kunakili Nyaraka yote kwenye diski ya nje. Nasema kunakili, si kuhamisha. Wapo wanaohamishia Documents kwenye diski ya nje wakaona wamejihami. Siku wakiiacha nyumbani, Windows huwaambia kwamba mahali hapo hapapatikani, na nakala ni ile ile moja waliyokuwa nayo.

Nami? Kanda za awali sikuzitupa. Nyingi zinasikika na nimeanza kuzinukuu upya, jioni moja moja. Ile ya mzee mmoja wa Siyu, aliyenieleza majina ya sehemu za jahazi kutoka omo hadi tezi, utepe wake umenata. Nimempata fundi wa redio, mzee kunishinda, anayesema atajaribu kuufungua taratibu. Safari hii nilimweleza kwa maneno mengi, nikamtaka anirudishie kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa.