Nyanya Mlezi, Nawe Utunzwe

Leo nazungumza nawe nyanya, nawe babu, unayelea wajukuu au kuuguza mgonjwa nyumbani.

Wengi wenu mnafika zahanati mkiwa mmebeba mjukuu mgongoni. Mtoto akishatibiwa nauliza, "Nyanya, na dawa yako ya presha?" Jibu huwa, "Iliisha, sikupata nafasi ya kuja." Presha isiyotibiwa huweza kuleta kiharusi. Ukianguka wewe, mtoto huyo atalelewa na nani?

Kwa hivyo, usikose siku yako ya kliniki. Unapomgeuza mgonjwa kitandani, kunja magoti, usipinde mgongo, na mwite mtu akusaidie. Ukishamsafisha, nawa mikono kwa sabuni.

Kulea ni kazi, na mwenye kazi hiyo ana haki zake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa yake na Serikali. Basi kuwaambia wanao walete unga, au wapokezane zamu ili ulale, si kuombaomba. Ikiwa umefikisha miaka 70, muulize chifu jinsi ya kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii, ambao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Nawe kijana uliyemwachia mama watoto, mpigie simu leo. Muulize dawa yake imebaki ya siku ngapi.