Kabla Haijafika kwenye Mzani

Kutoka Kahama hadi Nyarugusu, kutoka Katoro hadi Mgusu, watu wamezoea kuijua thamani ya kitu baada ya kukivunja. Jiwe linatolewa duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji, linasagwa kwenye karasha, linapitishwa kwenye mwalo, dhahabu yake inakamatwa kwa zebaki, inachomwa. Kinachobaki ndicho kinachowekwa kwenye mzani wa broka au, tangu 2019, kwenye soko la madini la Geita. Mazoea hayo yamelisha na kusomesha wengi, nami siyabezi. Ila mkusanyaji anayetafuta kompyuta za zamani za ofisi katika ukanda huu wa dhahabu ajue kwamba mashine kuukuu huku inatazamwa kama mfuko wa mawe ambao haujafika karashani.

Na dhahabu kweli imo. Miguu ya prosesa za zamani, hasa zile za kauri, pamoja na kingo za kadi zinazochomekwa ndani ya mashine, zimepakwa dhahabu kwa sababu haishiki kutu. Tani moja ya bodi za kompyuta inaweza kuwa na dhahabu nyingi kuliko tani ya mawe ya mgodini, ambayo mara nyingi hutoa gramu chache tu. Lakini tani moja ya bodi ni mashine nyingi mno. Kompyuta moja ina chembe, na anayeifuata chembe hiyo kwa tindikali jikoni kwake anavuta moshi utakaomgharimu zaidi ya alichopata. Mnunuzi wa vyuma chakavu yeye hajali hata chembe. Analipa kwa kilo, na kwa kuwa kasha ni chuma, ndilo analolitaka. Kufikia jioni kibodi iko rundo lingine, nyaya zimechunwa ili kupata shaba, na skrini imetupwa korongoni.

Mashine hizi huku hazikuwahi kuwa nyingi. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo IBM ilipotoa PC yake Agosti 1981, na wahasibu wa Ulaya na Marekani wakaanza kuweka daftari zao kwenye disketi, karani wa pamba Shinyanga aliendelea na leja, karatasi ya kaboni na mashine ya kujumlisha. Wimbi kubwa la kompyuta za ofisi liliufikia ukanda huu baada ya Sheria ya Madini ya 1998, migodi mikubwa ilipofunguliwa: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Buzwagi imekwisha kufungwa. Anayekusanya mashine huku basi anakusanya kumbukumbu fupi, na ninaamini ufupi huo ndio unaoongeza uzito wa kila mashine iliyosalia.

Namna ya kuipata ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu hapo ndipo desturi za mahali zinapoonekana. Mara nyingi mashine iko nyumbani kwa mzee aliyestaafu uhasibu au utunzaji wa stoo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu ya meza ambayo watoto hawaruhusiwi kuigusa. Huendi kwa mzee wa Kisukuma ukaanza na bei. Unafika asubuhi, unaamkia "mwangaluka", unasubiri aitikie na kuuliza habari za kwenu, unakaa unapoonyeshwa. Mvua zitazungumzwa, pamba itazungumzwa, ng'ombe watazungumzwa. Ukimwita baba au babu kwa moyo mmoja, mwenyewe atafika kwenye kompyuta kabla hujaitaja. Atakueleza nani alikuwa bosi, siku gani umeme ulikatika katikati ya mishahara, na nani alimfundisha kuwasha. Sikiliza yote. Halafu mgeukie mama mwenye nyumba, kwa kuwa yeye ndiye aliyeipangusa vumbi jekundu miaka yote hiyo, na nisingeiona biashara hiyo kuwa halali kama yeye hajaulizwa.

Makubaliano yakifikiwa, yanaandikwa. Kwenye ukanda wa migodi karatasi hiyo si ya kupuuzwa, maana kukutwa na kifaa kilichotoka mgodini bila maelezo ni jambo la polisi. Hati ya mauziano iwe na jina la muuzaji, namba iliyo nyuma ya kasha, na sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji au mtaa. Mali ya serikali hainunuliwi mlangoni kwa mtunza stoo hata awe rafiki kiasi gani. Ni lazima kwanza ifutwe kwenye leja, kisha iende mnadani. Migodi nayo ina utaratibu wake wa kuondoa vifaa vilivyochakaa, na mkusanyaji mwenye subira anasubiri tangazo.

Kisha kuna mgawo. Duarani mifuko ya mawe hugawanywa: mwenye shamba ana fungu lake, mwenye duara lake, wachimbaji lao. Mazoea hayo yanafuata kila biashara huku. Kijana aliyekuonyesha nyumba ana chake, aliyebeba skrini kwa bodaboda ana chake, na ni aibu kusubiri akudai.

Mashine ikifika, fundi mzuri haichomeki. Anaifungua kwanza, anapuliza vumbi, anatafuta betri iliyolehemiwa kwenye bodi, kwa maana betri za zamani huvuja na kula njia za shaba. Anatazama swichi ya umeme nyuma: mashine iliyoletwa kutoka Marekani huenda bado imewekwa kwenye volti 115, na umeme wetu wa 230 utaiunguza mara moja. Mara ya kwanza anaiwasha kupitia balbu iliyofungwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu bila kupungua, kuna shoti ndani, na mashine imenusurika.

Mashine ikiwaka, ndani ya diski yake kuna watu. Kompyuta ya ofisi haikuchezewa michezo. Iliandika mishahara, makato, likizo, ajali, majina ya walioachishwa kazi. Hapa sheria na utu vinasema jambo moja: tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, habari za mtu si mali ya aliyezikuta. Wakusanyaji wengi hufuta kila kitu papo hapo. Mimi nasita, kwa kuwa katika ukanda huu kuna wazee wanaohitaji kuthibitisha kwamba waliwahi kuajiriwa, na makato yao yalianza kabla mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, haujachukua nafasi ya mfuko wa zamani wa akiba, NPF, mwaka 1997. Naona heri diski ichukuliwe nakala, ifungwe, na mwajiri wa zamani au warithi wake waulizwe kabla chochote hakijafutwa.

Usukumani tunajua kutunza vifaa vya ofisi iliyofungwa. Utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, ngoma na viti vya watemi havikuwa na kazi tena serikalini, lakini havikugeuzwa kuni. Vingine viko Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, ndani ya jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Kifaa cha kitemi kisichojulikana kilitoka himaya gani kinabaki mti uliochongwa tu. Kwa kompyuta ni hivyo hivyo: kasha, kibodi, skrini, printa na vitabu vya maelekezo vikae pamoja, na pamoja navyo karatasi ya mkono inayotaja ofisi, kazi iliyofanywa na mtu aliyeketi mbele yake. Karatasi hiyo iandikwe siku ile ile, mzee akiwa bado ameketi hapo, na asomewe ili arekebishe palipokosewa.