Ulinzi wa Dawa: Kufuli Peke Yake Halitoshi

Dawa inapoibwa katika zahanati ya kijiji, mara nyingi hakuna mlango uliovunjwa. Kinachoonekana ni mgonjwa kuambiwa dirishani kwamba dawa imekwisha. Kwa mama wa Uru Shimbwe aliyembeba mtoto mwenye nimonia, jibu hilo lina maana ya safari nyingine hadi Moshi mjini, nauli ambayo pengine hana, na saa za matibabu zinazopotea. Kwa sababu hiyo, ulinzi wa dawa ni sehemu ya tiba yenyewe.

Dawa za vituo vya umma hutoka hasa Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, ambayo ina ghala la kanda mjini Moshi. Nyingi huwekwa alama ya GOT ili zikikutwa zinauzwa katika duka la mtu binafsi asili yake ijulikane. Hata hivyo, alama hiyo hufichua wizi dawa ikiwa imekwisha kutoka. Haielezi ilitoka lini wala mikononi mwa nani. Hilo ni jukumu la leja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme stoo ilianza mwezi na vidonge 300, ikapokea 500, ikatoa 620: rafuni vinapaswa kuwapo 180. Vikikutwa 150, vidonge 30 havina maelezo. Kabla ya kumshuku mtu, hesabu irudiwe, rejesta ya dirishani ipitiwe, na dawa zilizoharibika au kupita muda ziangaliwe. Kazi hii ifanywe na watu wawili, nao watie saini. Mtumishi anayeshika ufunguo peke yake na kuandika leja peke yake hana shahidi siku atakaposingiziwa. Hesabu ya wawili humlinda mwaminifu kama inavyomzuia mwizi. Wajumbe wa kamati ya kituo nao washuhudie mzigo ukipokewa na kuhesabiwa.

Dawa zenye kuleta uraibu, kama vile mofini, pethidini na diazepamu, huhitaji uangalizi zaidi: kabati lenye kufuli mbili, daftari la pekee, na hesabu kila zamu inapokabidhiana. Zikivuja, humfikia kijana anayezitafuta kwa ajili ya kulewa, naye huweza kufa kwa kupungukiwa pumzi, hasa akizichanganya na pombe.

Hapa pana hatari ya pili isiyotajwa sana. Hofu ya wizi inaweza kukifanya kituo kikatae kabisa kuweka mofini, au kiifungie kiasi kwamba mwenye ufunguo hapatikani usiku. Anayeumia hapo ni mgonjwa wa saratani aliyelala nyumbani kwake kihambani. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, uliowekwa ili kudhibiti dawa za kulevya, unatambua katika utangulizi wake kwamba dawa hizo ni za lazima kwa kutuliza maumivu, na kwamba upatikanaji wake kwa ajili ya tiba lazima uhakikishwe. Udhibiti unaomnyima mgonjwa dawa aliyoandikiwa umekosa shabaha yake. Kila zamu, mchana na usiku, iwe na mtu anayejulikana aliyekabidhiwa ufunguo.

Nyumbani nako kuna wajibu. Chupa ya mofini ya maji ihifadhiwe ndani ya sanduku la kufuli, mbali na watoto, na ndugu mmoja aandike kila dozi na saa yake. Mgonjwa akifariki, dawa iliyobaki irudishwe kituoni. Isigawiwe jirani mwenye maumivu, hata kwa nia njema, kwa kuwa kipimo kilichomfaa mgonjwa aliyeizoea kinaweza kumuua asiyeizoea.

Wanakijiji wanayo haki ya kuiuliza kamati ya kituo chao: mwezi huu tulipokea nini, tulitoa nini, kimebaki nini? Kituo chenye leja safi hakitachelewa kujibu.