Homa ya Bonde la Ufa: Kinga yatafutwa kabla ya mafuriko mengine

MVUA ya El Nino ilipomwagika mwishoni mwa 1997, wafugaji wa Garissa waliona jambo la kutisha. Kondoo na mbuzi waliharibu mimba kwa wingi, kisha watu nao wakaanza kutokwa na damu. Mkurupuko huo ulipotulia mwaka 1998, mamia walikuwa wameaga dunia kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia.

Huo ndio ugonjwa wa Homa ya Bonde la Ufa, na jina lake ni la kwetu. Virusi vyake vilitambuliwa kwanza miongoni mwa kondoo karibu na Naivasha, na habari zake zikachapishwa mwaka 1931. Mwaka 2000 ukavuka Bahari ya Shamu hadi Saudi Arabia na Yemen.

Je, mbona hutoweka kwa miaka kisha ukazuka ghafla? Siri iko kwa mbu. Baadhi ya mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai katika udongo wa mabonde yanayofurika, na virusi hupita kutoka kwa mama hadi ndani ya yai. Yai hilo huweza kungoja miaka ardhini penye ukavu. Mafuriko yakija, mbu huanguliwa akiwa tayari na virusi, akauma mifugo, na mbu wa jamii nyingine wakaeneza zaidi. Wanadamu wengi huambukizwa kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa anapochinjwa au anapozalishwa.

Ndiposa daktari wa watu hawezi kuumaliza peke yake. Wanahitajika daktari wa mifugo, mtaalamu wa wadudu na hata msomaji wa picha za setilaiti! Mwaka 2006, wanasayansi wa shirika la NASA la Marekani walichunguza joto la bahari, mvua na ukijani wa nyasi, wakatoa onyo wiki kadhaa kabla ya wagonjwa kuonekana Garissa. Onyo lilitimia. Hata hivyo, mifugo ilianza kuchanjwa Januari 2007, watu wakiwa tayari wanakufa, na Kenya ikapoteza zaidi ya watu 150. Kwa maoni yangu, onyo lisilokuwa na chanjo ghalani ni sawa na king'ora kisichokuwa na gari la kuzima moto. Baadaye wizara za afya na mifugo ziliunda kitengo cha pamoja cha magonjwa yanayotoka kwa wanyama.

Kwa wanadamu, hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa umma hadi sasa. Inayoleta matumaini inatengenezwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na watafiti wa taasisi ya KEMRI-Wellcome mjini Kilifi, akiwemo mwanasayansi Mkenya, Profesa George Warimwe. Inatumia kibebeo kile kile cha chanjo ya Covid-19 ya Oxford, na ilijaribiwa kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe wa Kenya kabla ya kudungwa watu 15 nchini Uingereza. Mwaka 2025 majaribio ya watu wazima 240 wa kujitolea yalianza Kilifi, yakigharimiwa na muungano wa kimataifa wa CEPI.

Wengi wanaougua hupata homa, maumivu ya misuli na ya kichwa, kisha hupona. Wachache hutokwa na damu, huvimba ubongo au hupofuka. Wakati wa mkurupuko, nunua nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi, ipike hadi iive kabisa, na uchemshe maziwa. Nawe msomaji wa Nairobi uliyeacha kondoo mashambani, ukisikia mimba zimeharibika kwa wingi baada ya mvua, mwarifu daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na mchungaji asiguse mimba hizo kwa mikono mitupu.