Hesabu Iko Ndani ya Simu Yako: Mradi wa Wiki Moja kwa Mwanafunzi wa Nyumbani

Mtoto akiuliza, "Hii hesabu nitaitumia wapi?", wengi wetu hujibu, "Wewe soma tu, itakuja kwa mtihani." Sisi pia tulijibiwa hivyo. Tulimaliza sekondari tukiwa tumekariri kanuni ya riba inayozaa riba, tukaiandika kwa mtihani, tukapata maksi. Halafu tukaingia chuo, tukachukua mkopo wa simu, tukachukua mwingine kulipa ule wa kwanza, na siku hiyo hakuna kati yetu aliyekumbuka ile kanuni.

Mtaala mpya unajaribu kuziba hilo pengo. Ulianza kutumika kote nchini mwaka wa 2019, na wanafunzi wa kwanza wakaingia Gredi ya 7 mwaka wa 2023. Hesabu ya gredi hizo ina mada nzima ya pesa: faida na hasara, punguzo, kamisheni, hadi huduma za pesa kwa simu. Walimu wanahimizwa kutumia vitu halisi. Na mzazi, kitu halisi unacho mfukoni. Hebu tukuonyeshe jinsi ya kukigeuza kuwa mradi wa wiki moja, bila kununua kitabu.

Hatua ya 1: Kusanya data

Mwanafunzi achore jedwali la safu nne kwenye daftari: tarehe, aina ya muamala (kutuma, kutoa, kulipa, kununua muda wa maongezi), kiasi, na ada. Kila jioni kwa siku saba, mzazi amsomee SMS za siku hiyo, naye ajaze. Huhitaji simu kubwa. Hata kabambe ina SMS.

Wiki ikiisha, ajumlishe kila aina, atafute asilimia ya kila moja, kisha achore grafu ya mihimili. Hapo ameshafanya kujumlisha, asilimia na takwimu, na wewe umejua pesa zako zinaenda wapi.

Hatua ya 2: Tafuta swali lenye uzito

Jedwali peke yake halitoshi. Mradi unakuwa mradi pale mtoto anapojaribu kutatua jambo linaloigusa nyumba.

Tuchukue mfano. Mama anauza mboga. Wateja wanamlipa kwa simu, na kila jioni anaenda kwa ajenti kutoa shilingi 400 za kununua mali ya kesho. Anafanya hivyo siku sita kwa wiki. Tuseme ada ya kutoa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 ni shilingi 28. (Hii ni namba ya mfano. Tumia ada za sasa kwenye ukurasa wetu wa ada.)

Mwanafunzi apige hesabu:

- Mara sita kwa wiki: 28 × 6 = shilingi 168.
- Akitoa shilingi 2,400 mara moja: shilingi 28.
- Tofauti: shilingi 140 kwa wiki, au 7,280 kwa wiki 52.

Sasa aangalie asilimia. Ada ya 28 kwa shilingi 400 ni asilimia 7. Kwa shilingi 2,400, ni kama asilimia 1.2 tu. Kwa nyumba inayotafuta pesa za yunifomu na vitabu kila Januari, hiyo si tofauti ndogo.

Lakini usimwache aishie hapo na kusema, "Mama, unapoteza pesa." Mwambie amuulize mama kwa nini anatoa kila siku. Labda mauzo ya leo ndiyo mtaji wa kesho, kwa hivyo Jumatatu hana 2,400 za kutoa. Labda anaogopa kutembea na pesa nyingi giza likiingia, au pesa zikikaa nyumbani zinaisha kwa mambo madogo madogo. Hizo zote ni sababu za maana, na jibu zuri la hesabu lazima lizikubali.

Kwa hivyo mtoto arudi kwa daftari. Je, akitoa mara mbili kwa wiki, shilingi 1,200 kila mara? Ada inakuwa 56, na anaokoa 112 kwa wiki, yaani 5,824 kwa mwaka. Je, muuzaji wa jumla kule sokoni anakubali kulipwa kwa simu? Ada ya njia hiyo ni ngapi? Hapo mama na mtoto wako upande mmoja wa meza, na mtoto ameona kwamba jibu sahihi kwenye karatasi linaweza kuhitaji marekebisho likifika sokoni.

Hatua ya 3: Chora ngazi

Kwa wanafunzi wa gredi za juu, chukueni jedwali la ada za kutuma pesa na mlichore: kiasi kwenye mhimili wa chini, ada kwenye mhimili wa kusimama. Wengi wanategemea mstari unaopanda polepole. Kumbe zinatokea ngazi! Ada inakaa palepale, halafu inaruka ghafla kiasi kikivuka mpaka. Ndiyo maana kutuma shilingi 1,001 kunaweza kuwa ghali kuliko kutuma 1,000, ingawa tofauti ni shilingi moja.

Swali la kumwachia: ni lini kugawanya kiasi mara mbili kunaokoa, na ni lini kunaongeza gharama?

Hatua ya 4: Mkopo

Hapa ndipo sisi tuliangukia. Tuseme mkopo wa shilingi 1,000 una ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Shilingi 75 tu, si ni kidogo? Sasa tuseme hulipi, na kila mwezi ada inahesabiwa upya kwa deni lote. Mwezi wa tatu deni ni kama 1,242. Mwezi wa kumi na mbili ni kama 2,382. Limezidi maradufu.

Mwanafunzi alinganishe na mkopo ambao ada ni 75 ileile kila mwezi: baada ya miezi 12 deni ni 1,900. Grafu moja ni mstari ulionyooka, nyingine inapinda kuelekea juu. Si kila mkopo unahesabiwa hivi, kwa hivyo hatua ya mwisho ni kusoma masharti pamoja na kuona mkopo wenu uko kwenye grafu gani.

Msaada wa mtandaoni usiolipiwa

Mtoto akikwama kwa asilimia au vipeo, Khan Academy ina video na mazoezi ya bure. Ilianza baada ya Salman Khan kumfunza binamu yake hesabu kutoka mbali. Kwa kuchora grafu kuna GeoGebra, nayo ni bure, na programu yake ikishaingia kwa simu unaweza kuchora hata bando likiisha. Kwa masomo yanayofuata mtaala wetu, angalia Kenya Education Cloud ya KICD.

Video zinakula data, kwa hivyo fanyeni bando kuwa zoezi pia. MB 400 kwa shilingi 50 na MB 1,000 kwa shilingi 99, ni lipi linatoa MB nyingi kwa kila shilingi?

Kabla hamjaanza: usalama

- PIN haihitajiki popote kwenye mradi huu. Usimpe mtoto, mwalimu, wala tovuti yoyote. Programu ya masomo ikiuliza PIN yako ya pesa, ifunge.
- SMS zina majina na namba za watu wengine. Mwanafunzi anakili tarehe, aina, kiasi na ada pekee.
- Kwa walimu: msimwombe mwanafunzi alete taarifa ya miamala ya mzazi darasani. Kuna nyumba ambazo salio ni siri, na kuna nyumba ambazo salio ni sifuri. Tengenezeni data ya mfano, au darasa lifuatilie mradi wake lenyewe, kama kuuza sukuma wiki za bustani ya shule.

Anzeni leo jioni, kwa SMS za leo tu. Mtoto akipata jibu ambalo hukulitarajia, msikilize hadi mwisho kabla ya kumwambia amekosea. Huenda hajakosea.